Chai ya Disket

Hakuna aliyekuwa mkarimu kama wifi yangu Disket, na ukarimu huo ndio uliomuua. Kwetu Ladakh, milimani kaskazini mwa India, mgeni hukataa chai kwanza, tena na tena, ndiyo adabu. Mwenyeji naye hajali, humimina. Disket alikuwa bingwa wa kutojali. Katika kila harusi kijijini alishika birika la chai ya siagi na chumvi, akiwatania waliofunika vikombe: "Toa mkono, mwenzangu. Tumbo lako limeshaniambia ukweli."

Miguu ikaanza kumvimba, pumzi ikawa inamkatikia kila akipanda ngazi. Nikampeleka mjini Leh. Daktari, binti wa kwetu, alimwonyesha moyo wake kwenye kioo cha mashine. Vyumba viwili vya juu, alisema, hupokea damu na kuisukuma ishukie vya chini. Cha juu kushoto kilikuwa kimetanuka kwa miaka ya kupambana na mlango wake wa kupitishia damu chini, uliobana tangu homa ya utotoni. Sasa hakisukumi, kinatetemeka tu, damu inarundikana nyuma yake na maji yanaingia mapafuni.

"Vya chini bado vina nguvu," alisema, "lakini vitafanya nini visipoletewa damu? Mama, chumvi basi. Hata kwenye chai."

Disket alitii. Nyumbani alikunywa chai isiyo na chumvi, amekunja uso kama mtoto anayenyweshwa dawa. Miguu ikanywea.

Kisha mdogo wake, Chuskit, akamwoza mwanawe. Disket alikataa kikombe. Chuskit akacheka, akamimina. Disket akakataa kwa kuapa, akaeleza habari za chumba cha juu. Wageni wakaangua kicheko kwamba leo Disket kazidisha adabu.

"Toa mkono, dada," Chuskit alimwambia. "Si wewe uliyetufundisha?"

Nilisimama nikasema daktari kakataza. Wakasema namsaidia kuringa. Aibu ikamshinda Disket, akanywa. Wakajaza. Akanywa, wakajaza, siku zote za harusi.

Wiki haikuisha. Alikufa ameketi, maana akijilaza tu pumzi ilimpotea.

Nina hasira nao, na siifichi. Msibani Chuskit, macho mekundu kwa kulia, alipita na birika lile lile. Nilifunika kikombe kwa kiganja, nikamwambia sitaki. Akasimama mbele yangu, akingoja nitoe mkono.