Mlima Usio na Jembe

Aliyenivunja mguu kwa bodaboda ni shemeji yangu, nasema wazi. Nilipotupa magongo niliapa kuupanda kila mlima unaoonekana kutoka mlangoni kwangu hapa Mbinga, hadi mguu upone. Nikaanza na wa mama mkwe. Nikamkuta juu akichimba ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mteremkoni.

“Shikamoo mama. Nanyoosha mguu tu.”

“Marahaba baba. Mlimani mtu hapandi mikono mitupu.” Akanipa jembe.

Mlima wa pili, jembe. Wa tatu, jembe. Huku kila mlima una ukoo wake, na koo zote ni wakwe zangu. Nikachagua ule wa mawe, usiolimwa. Nikafika kileleni nahema. Shemeji amelala kivulini.

“Na wewe umelikimbia jembe?”

“Sogea,” nikamwambia.