Sweta Lisilo na Mshono

Nyinyi wajukuu zangu, na wajukuu wa wenzangu, mnaosoma kwa kusukuma kioo kwa kidole, kaeni kitako. Mtu akikwambia jambo limo kwenye simu na ni rahisi, muulize kwanza kama yeye ameshalifanya. Mimi sikuuliza.

Shule nilisoma kidogo, lakini kufuma najua. Watoto wote wa nyumba hii nimewafumia masweta, hapa hapa Mabawa, na majirani wakanicheka kwamba kwa joto la Tanga namfumia nani. Mvua za masika zikishuka, hao hao wanakuja kuazima kwangu. Kufuma kwangu ni kule kwa zamani. Unafuma mgongo, unafuma kifua, unafuma mikono, halafu unaviunga vipande kwa sindano ya kushonea. Sikujua kama kuna aibu hapo.

Binti yangu wa mwisho alijifungulia kwangu, akae arobaini yake. Mumewe yuko Amani, mlimani kwenye mashamba ya chai, na baridi ya kule haina utani. Mtoto hajamaliza wiki, mama wa mume akateremka kumwona mjukuu, na maparachichi kikapu kizima. Nikamwonyesha sweta nililokuwa nalifuma. Akalipapasa ubavuni.

"Mkwe, kazi nzuri," akasema. "Ila mshono huu hautamkwaruza? Kwetu siku hizi wanafuma bila mshono."

Alisema kwa upole. Upole wenyewe ndio ulioniudhi.

"Mtoto atapanda mlima amevaa sweta lisilo na mshono," nikamwambia, "na litatoka nyumba hii."

"Haya, mkwe. Nikija kuwachukua nitaliona."

Ukumbi mzima ulisikia. Basi, neno limeshatoka, na mimi sweta la namna hiyo sijawahi kuliona hata kwa mbali.

Mjukuu wangu mkubwa, yule anayesoma chuo, akalitafuta kwenye simu. Akatokea mwanamke wa Kizungu, mikono tu, kichwa hana. Muziki nikauzima. Sindano zake mbili zimeshikana kwa waya, na kufuma kwake anaanzia shingoni anateremka, anazunguka, anazunguka, kama anayesuka kikapu kilichopinduliwa. Mikono ya sweta anaiacha pembeni imefungwa kwa uzi, eti atairudia.

"Bibi, ni rahisi," mjukuu akasema. "Ila lazima tujue kichwa cha mtoto kina ukubwa gani, maana hili linavaliwa kwa kupitishwa kichwani." Akaleta futi ya cherehani, anamwendea mtoto kitandani.

Nikampiga kofi mkononi. Kwangu mtu aliyelala hapimwi. Anayepimwa amelala ni maiti, anakatiwa sanda. Mtoto hajatoka arobaini, wewe unamjia na futi?

"Sasa tutajuaje, bibi?"

Nikamshika mtoto kichwa kwa kiganja, nikakikariri. Kisha nikatoka na kiganja changu hivyo hivyo, kimekunjwa, mpaka kwa muuza nazi wa pale mtaani.

"Shikamoo bibi. Nikupe ya tui zito?"

"Marahaba. Tui silitaki. Nataka inayoenea hapa."

Akautazama mkono wangu. "Mkono umefanya nini, bibi?"

"Hiki ni kichwa cha mjukuu wangu. Lete nazi."

Nazi zilizofuliwa nikazishika karibu zote, moja moja, naye hathubutu kucheka. Nikapata moja, sawasawa na mtoto, hata kile kikonyo cha nyuzi utosini kinafanana. Nikaiweka kwenye kiti ukumbini, nikaifunika kanga isipate vumbi, nikaanza kazi. Nikifuma kidogo naipimia shingo, inaingia kwa kubanwa, lakini inaingia. Nazi hailii.

Mzee wangu akarudi kutoka msikitini, macho yake siku hizi si ya kutegemea. Akasimama mbele ya kile kiti.

"Nyinyi wanawake hamna akili? Mtoto mchanga mmemwacha peke yake kitini?" Akainama, akaifunika vizuri, akaipigapiga mgongoni. "Mtulivu huyu. Kanirithi mimi."

Hakuna aliyemwambia. Binti yangu alikimbilia chumbani, na kicheko chake kilisikika hadi uani.

Kesho yake mke wa mwanangu, ambaye ndiye mpishi wa nyumba, akaikuta nazi kitini. Akasema nani huyu hana adabu, nazi anaiweka ukumbini. Akaivunja, akaikuna, akatupikia wali na samaki wa kupaka. Nimeshakula nusu sahani ndipo naona kiti kitupu.

"Mama," akaniambia, "mimi ningejuaje kama ni kichwa?"

"Kichwa kitamu," mzee akasema, akaongeza wali.

Nikasema haidhuru, shingo imeshapita. Nikaendelea kuteremka. Kiwiliwili kikashuka vizuri, mikono ikarudiwa, na ubavuni mshono huna, utafute mpaka uchoke. Sikumvisha mtoto kabla halijaisha. Nilipomvisha, kesho yake ndiyo siku ya bibi mwenzangu, mama wa mume, kuja kuwachukua. Sweta likafika kwenye nyusi, likakwama. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinakua siku zote zile, na cha nazi kilikuwa tumboni mwetu. Mtoto akapiga yowe, macho hayaonekani, mdomo tu.

"Mama, mvulie," binti akasema. "Mwache akavae la kufumwa na bibi yake wa mlimani, hatutakufa."

Avae la nani?

Nikachukua sindano ya kroshia, hiyo ninayofumia vitambaa vya makochi tangu nikiwa msichana, na hiyo haihitaji simu. Nikafuma mistari miwili kutoka shingoni hadi kifuani, nikiukaza uzi barabara. Nikaomba mkasi. Binti akafumba macho. Nikakata katikati ya ile mistari, na uzi haukufumuka hata mmoja. Nikatia vifungo. Kichwa kikapita.

Bibi mwenzangu alipokuja, kabla ya chai alilishika lile sweta. Akapapasa ubavu huu, akapapasa ubavu ule. Akaligeuza ndani nje.

"Na hivi vifungo?"

"Vya kupumulia," nikamjibu.

Akaangua kicheko mpaka akakaa chini. "Mkwe, mimi mwenyewe bila mshono sijui. Nilisikia tu kwa jirani."

Nilimkazia macho. Mtoto wakamvisha pale pale, kwa joto lile akawiva kama pilipili, tukakubaliana avuliwe na avishwe tena gari likishaanza kupanda.

Jioni picha ikaja kwenye simu. Mtoto yuko Amani, ukungu nyuma yake, sweta limemkaa. Nyumba nzima ikanizunguka kunisifu. Mimi nikavaa miwani nikaitazama mpaka chini, nikaona miguu iko wazi, vidole vimekunjwa kwa baridi, na huko mlimani kuna bibi mwingine mwenye uzi.

"Wewe nenda dukani sasa hivi ukalete uzi wa rangi ile ile," nikasema. "Na wewe shika simu, unitazamie soksi zinaanzia wapi."