Dagaa Juu ya Vioo

Veneranda alikuwa amechoka, na si ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Tangu wakimbizi wa Burundi waanze kumiminika ufukweni, zahanati ya muda iliyojengwa njia ya Ilagala haikujua kupumzika, na maji machafu yake yote yalikuwa mzigo wake yeye.

Kazi yenyewe ukiisikia utacheka: kufuta vioo. Maji ya wodini, yenye mabaki ya antibayotiki, yalipita taratibu kwenye trei zilizopakwa unga mweupe na kufunikwa vioo. Jua likipiga, likisaidiana na ule unga, liliyavunjavunja yale mabaki kabla maji hayajaingia kijitoni. Kioo kikishika utando, kazi bure.

"Mama Wema, leo umeshaliosha jua?" wenzake walimtania. Alicheka kwa mdomo tu. Binti yake Wema aliuguza kidonda mguuni karibu mwaka mzima, kila dawa inagoma, mpaka mganga wa zahanati akamweleza: mabaki ya dawa yakizagaa majini, vijidudu huyazoea, na dawa haiviwezi tena. Na watu wote wa bondeni walichota maji kwenye kijito kilekile! Basi Veneranda akavifuta vile vioo kwa hasira.

Masika yakaja, mchanga ukalowa kote. Siku jua lilipochomoza hatimaye, alikuta vioo vimejaa dagaa, wamepangwa vizuri kabisa. Ala! Kando ya vioo ameketi Leonia, mkimbizi mwenye mtoto mmoja, anafukuza kunguru kwa kitenge. Lakini umlaumu vipi? Ufukwe huu, kitu chochote kipana chenye joto ni cha kuanikia dagaa.

"Amahoro, Mama Wema," Leonia akamsalimu. "Nimeshona nyavu za watu wiki nzima kuwapata hawa. Mchangani wataoza. Niachie mpaka mchana tu."

Veneranda akatazama tangi la maji ya wodini. Lilikuwa limejaa pomoni kwa zile siku za mvua. Asipofungua koki leo lingefurika, na kijito kingeyapokea maji yalivyo. Upande wa Kongo, ng'ambo ya ziwa, mawingu yalishaanza kujikusanya.

"Siwezi, dada. Maji haya lazima yapite juani kabla hayajaingia kijitoni. Tuwaondoe."

Leonia hakubishana, na hilo ndilo lililomuumiza. Waliwakusanya pamoja kwenye beseni. Veneranda akafuta magamba, akafungua koki, maji yakapita juani. Dagaa wakabaki wakilainika. Mvua iliporudi alasiri, tangi lilikuwa limeshuka nusu, na dagaa walishaanza kunuka.

Jioni alichukua kibakuli cha dagaa wakavu jikoni kwake akampelekea Leonia, mwili mzima unamuuma. Alikuwa tayari kutukanwa. Jamani, alitamani hata kutukanwa.

Alimkuta Leonia amepiga magoti mlangoni, kopo la maji mkononi, mguu wa mwanawe uko mapajani. Juu ya kifundo palikuwa na kidonda kibichi. Harufu yake Veneranda aliijua; aliishi nayo mwaka mzima.

Leonia aliwaona wale dagaa, hakuwagusa.

"Haya nimeyachota kijitoni sasa hivi," alisema. "Ya leo yamepita juani?"

"Yamepita."

"Ego," Leonia akaitikia, akainamisha kopo, akaanza kumwosha mtoto.

Veneranda aliweka kibakuli chini, akaketi palepale kwenye tope, akalia.