Breki za Trela Tulizoziba kwa Bolti

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana, nilipewa nyundo. Foromani wa gereji yetu ya Lurambi, mtu mwenye tumbo na sauti ya kuimbisha kanisani, alinisimamisha mbele ya trela tupu ya miwa, akaniambia nigonge nati za magurudumu moja moja na nifunge mdomo. Nikagonga.

"Unasikia nini?"

Nikasema nasikia chuma.

"Chuma! Hata ng'ombe wa mama yako anasikianga chuma. Gonga tena."

Siku nzima niligonga, mpaka nikajua. Nati iliyokaza inalia juu kama kengele. Iliyolegea inalia chini, kama mtu mwenye kifua. Nati zikilegea gurudumu linacheza, bolti zinakatika, na gurudumu linakwenda zake peke yake kutafuta watu barabarani. Nimewahi kuliona likiipita trekta yake lenyewe, na dereva bado anaimba.

Nimeanza hapo kwa sababu nataka mjue kwamba tulifundishwa. Msije mkasema wale wazee hawakusoma. Mimi niliishia darasa la nne, ni kweli, baba alitaka mtu wa kuchunga ng'ombe, na ng'ombe wenyewe walikuwa wawili tu na mmoja kipofu. Lakini breki nilizijua.

Miaka hiyo sukari ilikuwa imewaingia watu kichwani. Kabras nzima ililimwa miwa mpaka mlangoni. Watu waling'oa mahindi, wakang'oa migomba ya mama zao, halafu wakaanza kununua unga wa obusuma, ugali wetu, dukani na kulalamika. Kiwanda kilikuwa hakilali, na kiwanda kisipolala trela nayo hailali. Tajiri wetu alikuwa na trekta nyingi za kubebea miwa, na kila moja ilivuta trela mbili zikifuatana, zimejazwa mpaka miwa inaning'inia pande zote kama nywele za mtu mgonjwa.

Sasa, mkiuliza mtu yeyote hapa kwa nini ajali zilikuwa nyingi, atawaambia "breki zilifeli." Nikisikia hayo maneno natamani kurusha kiti. Breki haifeli. Breki inafelishwa. Au atawaambia mahali pa ajali pana jini. Jini gani? Nitawaambia jini. Dereva anaharibikiwa mlimani, anaweka jiwe kubwa nyuma ya gurudumu ili trela isirudi nyuma. Akimaliza kutengeneza anapanda, anaondoka, jiwe linabaki katikati ya lami. Anakuja mtu wa pikipiki, analipanda, anakufa. Kesho yake wanakuja watu wa maombi kukemea jini. Jini huyo ana leseni ya kuendesha! Angeshuka hatua tano tu akatoa jiwe lake.

Na kuna tope. Trela ikitoka shambani inabeba udongo mwekundu kwenye magurudumu, inaudondosha kwenye lami, mvua inapiga kidogo, barabara inakuwa sabuni. Na kuna huu ujinga unaoitwa fri: dereva akifika mteremkoni anatoa gia ili abanie dizeli. Gia ndiyo inayoishika trekta isikimbie. Ukiitoa, umebaki na breki peke yake, na uombe aliyezitengeneza asiwe mimi.

Ndiyo, nimesema asiwe mimi. Ngoja nifike hapo.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa kituo chetu cha mashambani, upande wa Kabras, niwe fundi wa breki. Breki za trela zilikuwa za upepo. Upepo unatoka kwenye trekta, unapita kwenye paipu nyuma, unaingia kwenye trela, na ndani ya trela kuna kipande cha mpira kinachosukumwa na huo upepo mpaka gurudumu linashikwa. Mpira ukitoboka, upepo wote unavuja na trekta haiondoki. Dawa ni mpira mpya. Mpira mpya ulikuwa unatoka Nairobi, na Nairobi walikuwa hawana haraka.

Afisa wa usafiri alikuja siku moja na viatu vyake vinavyong'aa. Alikuta trekta nne zimesimama.

"Fundi, hizi zinangoja nini?"

"Mipira ya trela, bwana afisa."

"Na breki za trekta yenyewe?"

"Ziko sawa."

"Basi ziba paipu ya nyuma. Trekta itashika zote."

Nikamwambia haitashika. Trela mbili za miwa ni nzito kuliko trekta mara nyingi. Zisipokuwa na breki zao, mteremkoni zinaisukuma trekta, halafu zinageuka na kuja kukusalimia dirishani. Alinitazama kama mtu anayetazama nguo iliyochanika.

"Wewe ni fundi au ni mchungaji? Ziba. Kama mkono wako unauma, wako wengi getini wana mikono mizima."

Nikachukua bolti, nikafunga kwenye paipu ya trela ya kwanza, nikakaza. Upepo ukanyamaza. Trekta zikaondoka. Zilienda zikarudi salama, na hilo ndilo lililotuua, kwamba zilirudi salama. Wiki ya pili tulikuwa tunaziba bila kuambiwa. Mwezi wa tatu, mipira ilipofika, hakuna aliyeharakisha kuifunga. Tukaipa hata jina, tukaita "dawa ya Kabras." Tukacheka.

Dereva wa trekta ya tatu aliitwa Shikuku. Tulioa mwaka mmoja, tulikula pamoja, na nilimwita yaya kama ndugu wa tumbo moja. Siku ya soko, saa nane mchana, aliteremka mlima mmoja unaoishia darajani, trela mbili zimejaa. Fri hakuweka. Mwendo hakuzidisha. Lakini trela zilimsukuma, akakanyaga breki ya trekta mpaka ikatoa moshi, na kabla ya daraja trela ya nyuma iligeuka, ikalala pembeni mahali akina mama walipokuwa wameketi na viazi vitamu. Wengine waliruka. Mama mmoja hakuruka. Nilikuwa nikinunua viazi kwake. Alikuwa akinichagulia vyekundu bila mimi kusema.

Foromani wa kituo alinifuata mbio, hana kofia, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona.

"Chukua sanduku lako la spana uende darajani. Mkaguzi wa magari anakuja kutoka mjini. Toa ile kitu kabla hajafika."

"Nitoe nini?"

"Usinijaribu, omwana wefwe, mtoto wa kwetu. Toa."

Nikaenda. Watu walikuwa wanainua miwa wamtoe yule mama, na mimi niko chini ya trela na spana, nikijifanya nasaidia. Nilitoa bolti. Paipu niliiunganisha, halafu nikaivuta ikachomoka, ionekane imechomolewa na ajali. Mikono haikutetemeka hata kidogo. Ndiyo inayoniudhi mpaka leo. Ingetetemeka kidogo tu, labda mtu angeuliza.

Shikuku alishtakiwa kwa kuendesha vibaya akaua. Kortini alisema wazi: paipu ya trela ilikuwa imezibwa. Mkaguzi akasema aliikuta wazi. Nikaitwa mimi, mwendesha mashtaka akaniuliza.

"Fundi, asubuhi hiyo ulikagua breki za trekta?"

"Ndiyo."

"Zilikuwa sawa?"

Mnaona jinsi swali lilivyokaa? Breki za trekta. Hakuna aliyeniuliza za trela. Niliona mlango umeachwa wazi, nikapita kama mwizi.

"Zilikuwa sawa."

Shikuku alinitazama, halafu akatazama viatu vyake. Alifungwa miaka miwili. Mimi mwaka uliofuata nilifanywa foromani, nikarudishwa Lurambi, nikapewa koti jeupe. Nilifundisha vijana kugonga nati. Niliwatukana wakikosea. Na kila niliposikia mtu akisema Shikuku ni muuaji, niligeuka nikatafuta spana ambayo sikuihitaji.

Alipotoka hakupata tena gari la kuendesha. Alilima vishamba vya watu. Tulikutana njiani mara nyingi, akanisalimu mulembe, nikaitikia, tukapitana. Miaka yote hiyo. Nilijiambia nina watoto, nina kazi, nitasema nikistaafu. Nikastaafu. Wakanifanyia sherehe, wakanipa saa ya ukutani, na mtu mmoja akasimama akasema chini ya mikono yangu hakuna gari lililowahi kufeli breki. Nikapiga makofi pamoja nao.

Kesho yake nilikwenda kwa Shikuku. Alikuwa anachambua maharagwe.

"Nimekuja kusema juu ya ile paipu," nikamwambia.

"Umengoja mpaka wakupe saa?"

Akaendelea kuchambua, halafu akasema, "Yaya, mimi asubuhi ile nilikuona ukikaza ile bolti. Nilikuwa nimekaa juu ya trekta, nakula muwa. Nikawasha nikaenda. Kwa hiyo usije hapa kulia kama uko peke yako."

"Sasa tufanye nini?"

"Mwenye haki ya kusikia si mimi. Simama twende."

Tukaenda kwa mume wa yule mama. Mzee sana sasa, macho yanamsumbua. Alipomtambua Shikuku kwa sauti, alikaza mkono kwenye fimbo. Nikasema haraka, kabla sijaogopa: si yeye peke yake, bwana, mimi ndiye niliyeziba breki, na mimi ndiye niliyeficha. Nikaeleza yote, hata spana, hata miwa iliyokuwa bado juu ya mke wake nikiwa chini ya trela.

Binti wa mzee alileta chai, hakuna aliyeigusa.

"Mmenifanya nimchukie mtu mmoja miaka hii yote," akasema. "Nimemwombea mabaya kila Jumapili, nikitoka kwenye sakramenti. Na mlikuwa wangapi?"

Hatukuelewa.

"Nauliza waliojua. Nitajieni."

Tukaanza. Afisa wa usafiri, nikasema. Foromani wa kituo. Shikuku akataja madereva wenzake, mmoja mmoja, kwa majina ya baba zao. Mimi nikataja mafundi. Shikuku akamtaja karani wa getini aliyekuwa akiona trela zikitoka, nikamtaja tajiri, ambaye alikuja mara moja akaiona bolti, akauliza ni ya nini, tukamwambia, akacheka. Shikuku akataja wenye miwa waliokuwa wakisimama kando ya shamba wakipiga kelele twende, twende. Binti yule alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi. Kila tulipodhani tumefika mwisho, mmoja wetu alikumbuka mwingine, na mzee akasema, "Endeleeni."