Rangi Niliyomchagulia Wifi

Mbao nyeusi haitaki ukuta mweusi. Hili nalijua kama ninavyojua kusonga ugali, kwa sababu nauza rangi mjini Kakamega na kutwa nzima watu hunijia na maswali ya kuta zao. Kiti cha mvule kilichokolea kwa uzee kinataka mwangaza nyuma yake: krimu, au kijani kilichopauka. Hapo ndipo michirizi ya mbao huonekana, na ule wekundu wake wa ndani hujitokeza. Ukikiegemeza kwenye ukuta wa kahawia, umekizika. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, hakulijua hilo, nami sikumwambia.

Viti vyenyewe, pamoja na kabati la vyombo, nilipewa na baba nilipoolewa. Aliangusha mvule uliokuwa mpakani mwa shamba lake la mahindi kule Likuyani, akamsimamia fundi mpaka vanishi ikakauka. Mume wangu alipofariki, wazee waliketi kugawa vitu vyake kama ilivyo desturi: koti, baiskeli, majembe. Wifi akasimama akadai viti na kabati pia ni vya ndugu yake, maana vilikuwa nyumbani kwake. Nikasema vilitoka kwa baba yangu. Mzee mmoja akaniambia mwanamke aliyefiwa habishani mbele ya watu. Vikabebwa nikiangalia, na watoto wangu wakaanza kula wakiwa wamekaa sakafuni.

Baba alinishauri niache, mali ya msiba ni kelele tu. Sikuacha. Nilivitaka viti vyangu, na nilitaka aliyevichukua aumie.

Kisha wifi akaja dukani. Binti yake alikuwa amepata mchumba, na wakwe walitarajiwa kuja kuzungumza mahari.

"Mke wetu, wewe unajuanga hii mambo ya rangi," alisema, ameegemea kaunta kana kwamba hakuna kilichowahi kutokea. "Nataka ile itaenda na viti. Wageni wakiingia wajue hapa ni kwa watu."

Nikajitia hamnazo. Sebule yake niliijua: madirisha mawili madogo, na nje mparachichi unaozuia jua lote. Nikafungua kadi ya rangi, nikaipita krimu bila kusimama, nikaweka kidole kwenye kahawia nzito.

"Hii inafanana na mbao," nikamwambia. "Watu wakubwa ndio wanapendanga hii."

Hilo la watu wakubwa lilimmaliza. Aliichukua hapo hapo, nami nikamwongezea ya mafuta ya milango, rangi ile ile. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Siku ya wakwe nilikuwepo, nikipakua kuku jikoni kama mke wa ukoo anavyotakiwa. Nilipoingiza sinia sebuleni, moyo wangu ulicheza. Chumba kilikuwa pango. Ukuta ulikuwa umevimeza viti vya baba, huoni mkono wala mguu. Ilikuwa mchana, taa inawaka na haisaidii. Mjomba wa bwana harusi alipapasa kabla ya kuketi, na mkewe akauliza kwa upole kama kuna aliyefiwa hapa karibuni. Wifi akacheka kicheko kikavu. Mimi nilifurahi sana, na sijui kwa nini watu husema kisasi ni kichungu.

Wageni walipoondoka, wifi alitafuta cha kulaumu. Rangi alikuwa ameshajisifu nayo kwa majirani wote, hakuweza kuigeuka. Akavigeukia viti.

"Hii viti ndiyo inaleta giza," akasema mbele ya wazee waliokuwa wamebaki. "Ni ya kizamani. Mke wetu, leta mkokoteni ubebe viti yako, na hiyo kabati yako."

Viti yako. Alitamka mwenyewe, na wazee wakasikia. Nikashukuru kwa sauti ya mtu anayebebeshwa mzigo, na jioni ile ile vilikuwa kwangu.

Jumapili baada ya kanisa nilipaka ukuta wangu kijani kilichopauka, chenye krimu na njano kidogo sana. Mvule ukang'aa mpaka mlangoni. Watoto waligombania kila mmoja kiti chake, nami nikawaacha wagombane.

Majuzi wifi alinitembelea. Alisimama mlangoni kupita kiasi cha adabu. Kisha akaketi, akapitisha kiganja juu ya mkono wa kiti, akatazama ukuta, akarudi kutazama kiti. Nikaona anaelewa. Nikammiminia chai.

"Hiyo rangi inaitwanga aje?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Nikamwambia niliichanganya kwa kukisia tu, na kipimo nimekisahau. Nilimtazama machoni nikisema hivyo, ili ajue kwamba sijasahau kitu.