Shida Juma watatu kwenye benchi moja

Wakuu, habari za saa hizi.

Hili limenikuta mwenyewe na nitajitahidi nisiongeze chumvi. Ikidondoka kidogo mnivumilie.

Naitwa Shida Juma, mkazi wa Mandewa. Form four nimeipata ukubwani kwa masomo ya jioni, kwa hiyo mtaani kwetu mimi ni msomi.

Wiki iliyopita homa ilinishika, nikawa natetemeka mpaka kitanda kinahama. Asubuhi nikaenda zahanati moja ya mjini, jina tuliache. Wakanitoa damu ya kupima malaria, nikakaa kwenye benchi kusubiri majibu.

Kushoto kwangu mzee wa Manyoni, mstaafu wa reli, kaja kupima sukari. Nikampa shikamoo yake.

Kulia dada mkulima wa alizeti kutoka Sepuka, kaja kupima ujauzito. Huyu hatulii. Akaniambia, "Kaka, huu mwaka wa tisa niko kwenye ndoa. Leo nikirudi hakuna kitu, mawifi zangu wanamtafutia kaka yao mke mwingine."

Nikamwambia Mungu yupo.

Mara jamaa wa maabara akatoa kichwa dirishani. "Shida Juma."

Tukasimama watatu.

"Nimemwita Shida mmoja."

"Shida ni mimi," mzee akasema.

"Hata mimi ni Shida," dada akasema.

"Basi leo nina shida tatu," jamaa akasema. Benchi zima likacheka.

Kwa wasiojua: huku mtoto akizaliwa kipindi kigumu, wa kiume au wa kike, anaweza kuitwa Shida. Na kina Juma ni wengi kuliko kuku. Hatukuwa na undugu hata wa kuokoteza. Tukaanza kuitana wajina.

Jamaa akagawa karatasi tatu kama anagawa karata. Zote Shida Juma, hazina umri wala jinsia.

Ya dada iliandikwa NEGATIVE. Hilo neno alilijua. Akaikunja, akafunga kanga yake vizuri, akaondoka kwenda stendi bila kuaga.

Mzee akanipa yake. "Wewe msomi, nisomee."

UPT: POSITIVE. Nikamwambia kwa kujiamini, "Positive ni nzuri, wajina. Sukari yako iko safi." Mzee akaagiza soda.

Yangu sasa: glucose, HIGH. Msomi nikaganda. Mimi na sukari wapi na wapi? Nikarudi dirishani kuuliza, nikaulizia na hiyo UPT.

"Kipimo cha mimba," jamaa akasema, kisha akajishika kichwa.

Nikamnyang'anya mzee soda. Akaniuliza, "Kwa hiyo mimba ni yangu?" Nikamwambia hapana, ya kwako ni sukari.

Nilikimbia kwenda stendi mpaka upepo wa Singida ukabaki nyuma. Nikamkuta dada kashakaa ndani ya basi, macho mekundu. Nikampitishia ile karatasi ya UPT dirishani, nikamweleza tumebadilishiwa majibu.

Akaitazama weee. "Una uhakika ni ya Shida yupi?"

"Dada, kati yetu sisi watatu, anayeweza ni mmoja."

Hakuniamini. Tukarudi wote, akapimwa upya. POSITIVE tena.

Akakaa sakafuni palepale, akampigia mumewe, akamwambia. Kisha tukasikia sauti ya mwanaume, "Rudia."

Akarudia. Nadhani alirudia mara nne.

Mzee alipimwa upya pia, akaanzishiwa dawa.

Nilichojifunza: ukiitwa dirishani usikurupuke na jina moja. Taja majina matatu, umri na unakotoka, wakucheke tu. Na karatasi usiyoielewa usimsomee mtu.

Mimi bado nimechanganyikiwa. Wanasema ile NEGATIVE ya malaria ndiyo yangu, lakini homa ninayo. Halafu nasikia benchi la nyuma kulikuwa na Shida wa nne.

Aliyewahi kuvurugwa na wajina wake ashushe mkasa hapa. Nawasoma nikiwa ndani ya blanketi.