Lori Lililomwogopa Mama

Kabichi iliyolowa mvua, ikafungiwa chini ya turubai pamoja na moshi wa dizeli, hutoa harufu ambayo sijaikuta popote pengine: nusu supu, nusu gereji. Wenzangu wa bwenini wakiambiwa waandike utoto wao ulinuka nini, wanaandika maziwa ya moto na udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Waongo hao, wamekariri. Wangu ulinuka kabichi na dizeli, na ulipanda na kushuka milima ya Uluguru mgongoni mwa lori bovubovu tuliloliita Paroko, kwa kuwa, kama padri wetu, lilikohoa sana kabla ya kusema lolote na halikuwa na haraka na mtu. Kijiji chetu kiko juu ya Nyandira, kule ambako ukungu unaingia jikoni bila hodi na watu wanalima karoti kwenye miteremko ambayo mbuzi mwenye akili hawezi kuikanyaga. Mama na kaka yake, mjomba Benedikti, walilinunua lori hilo kwa jasho la karoti na njegere, nusu kwa nusu. Mjomba alikuwa anaendesha, mama anakusanya mazao ya kina mama wenzake na kuyapeleka mjini, Morogoro.

Asiyekuwa Mluguru inabidi nimweleze kidogo. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Shamba ni la ukoo wa mama, na mwenye neno la mwisho ni mjomba. Baba yangu, mtu mpole anayejengea watu nyumba, akiombwa ruhusa ya jambo lolote zito husema, “Kamuulizeni mjomba wenu,” kisha anarudi kwenye redio yake. Na mali ya mjomba, kwa desturi ya wazee, huwaendea wapwa, si watoto wake wa kuwazaa. Kwa hiyo niliamini kwamba Paroko, nusu ya mama na nusu ya mjomba, siku moja angekuwa wangu mzima mzima. Nilikuwa nimeshachagua hata rangi. Mjomba mwenyewe alinipenda, au tuseme nilihesabu hivyo, maana nilikuwa mtoto wa vituko na yeye alikuwa mtu wa kucheka. Nilikuwa na kipaji kimoja tu, na ninacho mpaka leo: kuigiza sauti. Bata, katekista mwenye mafua, mashine ya kusaga inayokaribia kuzimika, vyote nilivitoa kwa mdomo, na mjomba alikuwa ananipeleka kwa marafiki zake kama mtu anayeonyesha redio mpya.

Masika ya mwaka niliokuwa darasa la tano ndiyo Paroko alipoanza kunguruma. Haikuwa sauti ya injini. Ya injini tuliizoea. Hii ilitoka tumboni, katikati ya gari, kila alipobanwa na mlima: “Nguu, nguu, kwaa! Nguu, nguu, kwaa!” Uliisikia kwa makalio kabla ya masikio. Barabara ile ikiwa tope, abiria hushuka kwenye mwinuko na kutembea kando, tayari kuweka gogo nyuma ya tairi gari likianza kurudi. Basi siku hizo tulitembea wote tumeinama, masikio yameelekezwa chini ya chasisi, kama msafara wa watu wenye maumivu ya mgongo. Kila mtu aligeuka fundi. Katekista alisema ni giaboksi. Jirani mmoja, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, alisema ni difu, lile bakuli la chuma kati ya matairi ya nyuma, na akaisema kwa uchungu kama aliyewahi kufiwa nayo. Mama peke yake alibaki garini. Alikaa mbele, kiganja kwenye sakafu ya gari, uso umekunjamana, akiusikiliza mtaji wake ukisagika.

Mimi nilikuwa nimeona jambo moja, nikalitoa kama ninavyotoa mambo yangu yote, yaani kwa upuuzi. Siku mama alipobaki shambani, Paroko alikuwa anapanda kimya. Siku mama alipopanda, ananguruma. Basi asubuhi moja, watu wakipakia matenga ya karoti, nikapanda juu ya bodi nikatangaza, “Jamani, ugonjwa nimeujua! Paroko anamwogopa mama!” Watu walicheka. Mama mwenyewe alicheka, akaokota kipande cha karoti akanirushia. Mjomba alicheka kuliko wote, alijishika kwenye madigadi, machozi yakamtoka, akasema, “Wewe mtoto wewe, iko siku utaniua.” Nililala na furaha. Wahenga wanasema lisemwalo lipo. Hawakusema kwamba likisemwa na mtoto mtundu halisikiki.

Ikaamuliwa gari lipelekwe gereji mjini. Mama alikuwa na mavuno, hakuweza kwenda, na kwa kuwa kila mtu alishajua kwamba bila yeye Paroko hunyamaza, mama akasema, “Basi mchukue mwanangu. Gari likikataa kusema, atasema yeye.” Nikaenda mjini nikiwa sauti ya gari. Kweli, kuanzia Nyandira mpaka barabara kubwa, kimya. Gereji ilikuwa upande wa pili wa stendi ya Msamvu, kwa Fundi Shomari, mzee mwenye kofia iliyokuwa nyeupe enzi fulani. Nikamwamkia, nikasimama katikati ya matairi chakavu, nikanguruma. Mafundi wengine waliacha kazi. Fundi Shomari alifumba macho kama anasikiliza adhana.

“Rudia. Gari linapanda au linashuka?”

“Linapanda, babu.”

“Na dereva akiachia mafuta?”

Nikamfanyia na ya kuachia mafuta. Akapiga paja. “Propela hiyo! Ule mhimili mrefu wa kati. Kishikio chake kimelegea, si bure.” Akalala chini, akajisukuma kwa mgongo mpaka chini ya gari. Ndipo mjomba akaniambia niende ng'ambo ya barabara nikanunue miwa. Niliporudi nikitafuna, fundi alikuwa anafuta mikono kwa tambara, na akanitazama kwa jicho baya sana. Nikadhani ni wivu wa kipaji.

Jumapili baada ya misa ukoo ulikaa nyumbani kwa bibi. Mjomba alisimama, sauti imemshuka kama ya mtu wa msibani. Alisema fundi amekata tamaa. Difu imekwisha, giaboksi inafuata, na kulitengeneza ni kumwaga maji kwenye pakacha. Bahati nzuri kuna mtu wa Mikese anayenunua magari mabovu, atalichukua hivyo hivyo kwa bei ya kutupa. Mama aliuliza, “Kaka, hakuna njia nyingine kabisa?” Mjomba alinigeukia mimi. “Mpwa wangu, hebu wasikilizishe wazee ambao hawajasikia.” Na mimi, kwa raha zangu zote, nikanguruma kama sijawahi kunguruma. Niliongeza hata mikwaruzo ambayo Paroko mwenyewe hakuwa nayo. Wazee walitikisa vichwa. Mama mdogo mmoja alisema, “Mh, hicho chuma kimeshakufa.” Mama aliinamia kanga yake, na jambo likaisha hapo. Lori likauzwa, pesa ya nusu ya mama ikaishia kwenye mbegu na ada ya dada yangu, na kuanzia wiki ile karoti zetu zikawa abiria kwenye magari ya watu.

Likizo iliyofuata nilishuka na mama mjini kwa lori la kukodi. Akiwa anauza sokoni, nikatoroka kwenda kumsalimia Fundi Shomari, nikitegemea kusifiwa. Nilimkuta Paroko pale. Amepakwa kijani, ana turubai jipya, na juu ya kioo cha mbele, kwa herufi nono za njano, limeandikwa jina Kizito. Kizito ni mtoto wa kwanza wa mjomba Benedikti. Nikasimama nikalisoma jina lile kama mtu anayejifunza kusoma.

“Shikamoo, babu. Hili gari si lilikuwa bovu?”

“Marahaba. Bovu lini? Limekuja kumwaga oili tu, kalileta shemeji wa mjomba wako, yule wa Mikese.” Kisha akaninyooshea spana. “Na wewe, umeacha ule mchezo?”

“Mchezo gani?”

“Usinizuge, kijana. Gari zima lina tope, nati za kishikio zinang'aa kama meno ya bibi harusi. Nikamwambia mjomba wako, kuna mtu anazilegeza hizi na kuzikaza. Akasema ni mpwa wake mtundu, anaiba spana ili awachekeshe wenzake. Akaniomba nisikuchape. Una mjomba mwema wewe.”

Spana za Paroko zilikaa kwenye boksi chini ya kiti cha dereva, na ufunguo wake mjomba aliuvaa shingoni pamoja na rozari. Sikuhitaji fundi wa kunichorea. Mjomba alizilegeza nati siku mama anapanda, akazikaza siku mama hayupo. Mtu wa Mikese alikuwa ni kaka wa mke wake. Alitaka lori liende kwa Kizito, lisije kwetu wapwa. Na kuudanganya ukoo alitumia mdomo wangu, kumdanganya fundi akatumia sifa yangu. Kiswahili kinasema kikulacho ki nguoni mwako, na mwalimu wetu anapenda tuiweke kwenye kila insha. Mimi nilipoielewa nilikuwa nimesimama kwenye dimbwi la oili.

Nilimsimulia mama pale pale sokoni, nyuma ya matenga. Alinisikiliza huku anapanga karoti, kubwa juu, ndogo chini. Sikuona mshangao usoni mwake, na hilo liliniuma zaidi. Nikamwambia, “Tumshitaki.”

“Kwa nani?” akauliza.

Kwetu ukiwa na shitaka la ukoo unalipeleka kwa mjomba.

“Na shahidi wangu nani?” akaendelea, taratibu, bila ukali. “Wewe? Mwanangu, wewe watakucheka.” Kisha akamgeukia mteja na kumtajia bei.

Sasa niko kidato cha tatu na bado nachekesha watu. Ni ugonjwa, hauna dawa. Lakini mwezi uliopita walikuja kumposa dada yangu, na washenga walipouliza ni nani wa kuwajibu, nyumba nzima iligeukia upande mmoja, mama akiwemo. Mjomba Benedikti akasimama, mvi zimemkaa vizuri, akasema maneno mazuri mpaka wageni wakapiga makofi. Bila yeye posa isingepokelewa. Nilimwamkia, akaitikia, akanishika kichwa kama zamani, na mama akampelekea maji ya kunawa kwa mikono miwili. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nalala begani kwa huyu mtu kutoka Nyandira mpaka mjini, na sikuamka hata kwenye makorongo. Siku ile ya posa kulikuwa na nafasi kwenye mkeka pembeni yake, akaipapasa aniite. Nikachagua kigoda cha upande wa pili, mahali ninapoiona mikono yake.